Filimbi ya Pili

Kila asubuhi hapa Butembo, filimbi hulia kwenye ofisi ya komini na watu wote husimama. Mnajua ilivyo. Bendera inapanda, mwenye pikipiki anazima moto, mama mwenye beseni la ndizi kichwani anaganda nalo hivyo hivyo, hata mlevi wa tangu jana anajitahidi kunyooka. Kisha inalia ya pili, kila mtu anaenda zake. Wengine mnanung'unika kwamba mmecheleweshwa. Mimi, kati ya filimbi ya kwanza na ya pili, huona aibu. Haidumu hata dakika mbili, lakini ni aibu kamili, yenye mvua yake na harufu yake ya matope, na nimekuwa nayo tangu nilipokuwa na miaka kumi. Leo nina binti wa umri huo, na bado sijamsimulia.

Tuliishi Beni wakati huo, komini ya Bungulu, kwenye nyumba ya mabati yenye lupango, yaani ua, la miti ya michongoma. Papa hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa mkoa wa Équateur, serikali ikamtuma huku akiwa kijana kuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo, akaoa Munande wa huku, yaani Mama, akiwa tayari na mvi. Kwa hiyo nilikuwa na baba ambaye wenzangu walidhani ni babu. Mimi ndiye binti wa kwanza na wa pekee, ndiyo maana, kwa desturi ya kwa kina Mama, naitwa Masika. Papa alijua majina ya nusu ya watu wa Beni kwa kuwa aliyaandika mwenyewe, kwa wino, kwa mwandiko ulioinama kidogo kulia.

Halafu majina yakaanza kumponyoka. Kwanza ya majirani, baadaye ya vitu. Kijiko alikiita "ile ya kuandikia mchuzi." Siku moja alimsalimia mbuzi wa jirani kwa heshima zote, "Bonjour, Monsieur l'Administrateur," akavua kofia na kungoja ajibiwe. Mbuzi akala ukingo wa kofia. Mama alicheka mpaka akakaa chini, Papa akamtazama, kisha naye akacheka, sijui kama alijua kinachochekesha. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule. Vita vilikuwa vimeingia na kutoka na kuingia tena, wanajeshi wa leo siyo wa jana, na ndani ya lupango letu kulikuwa na kicheko kingi kuliko nyumba nyingi zenye watu wenye akili timamu.

Taabu ilikuwa asubuhi. Papa alitaka kwenda bureau, ofisini kwake. Bureau ilikuwa imefungwa miezi mingi, mlingoti wake mtupu kwa kuwa hakuna aliyejua ni bendera ipi ipandishwe, na wake wa walinzi walikuwa wameufunga kamba ya kuanikia nguo. Lakini Papa aliamka na haraka zake. Hakukubali kuoshwa wala kuvishwa. Alikuwa mtu mkubwa, mifupa mipana, na Mama alimfika begani. Papa alimsukuma bila kukusudia, akatoka na suruali ya kulalia, akarudishwa kutoka njia panda na watu waliozuia vicheko vyao kwa viganja.

Kutoka vile kulikuwa na hatari ambayo mimi sikuielewa vizuri. Papa alipochanganyikiwa alisema Kilingala, lugha ya kwao. Na Kilingala, mtaani kwetu, kilikuwa lugha ya wale wanajeshi wa zamani walioingia majumbani na kubeba magodoro. Mzee mrefu asiyejulikana na wageni wenye bunduki, anayesimama wima na kutoa amri kwa Kilingala, angeweza kudhaniwa chochote. Mama alikuwa akilala na hofu hiyo na kuamka nayo. Mimi nilidhani anaogopa Papa atachafua viatu.

Basi asubuhi moja Mama alikuwa akipigana na vifungo vya shati la Papa, jasho likimtoka, filimbi ikalia kwenye uwanja wa shule, watoto wakicheza mpira. Papa akaganda. Mikono pembeni, kidevu juu, macho mbele, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka yake yote mbele ya bendera. Mama alimtazama. Akafunga kifungo cha kwanza. Akafunga cha pili. Akamvisha suruali, soksi, viatu, akamchana nywele, akampaka mafuta usoni, na Papa hakutikisika. Kisha akangoja, nasi tukangoja, mpaka filimbi ikalia tena kwa ajili ya goli au ugomvi, Papa akashusha mabega na kusema, "Rompez," yaani tawanyikeni. Mama alitoka nje kwenda kucheka nyuma ya jiko. Mchana huohuo alileta kutoka sokoni filimbi ya bati, sifflet kama alivyoiita, akaifunga uzi na kuivaa shingoni, ndani ya blauzi.

Kuanzia hapo kumtunza Papa kukawa kama sherehe. Filimbi ya kwanza, Papa amesimama, Mama anamnyoa ndevu huku akimpa habari za mtaa, nani kaoa, nani kakimbilia Uganda, chumvi imeadimika vipi. Filimbi ya pili, Mama anasema, "Merci, chef," na Papa anamjibu, "Rompez." Nilikaa kwenye kigoda nikila muhogo na kutazama. Siku moja nzi alitua kwenye pua ya Papa katikati ya filimbi, na nikaona jicho lake la kushoto likifumba na kufumbua upande wangu.

Jicho lile ndilo lililonipoteza. Niliamua kwamba Papa anacheza. Kwamba yote, mbuzi, kijiko, bendera, ni mchezo wake wa uzeeni, na kwamba Mama anajua, na sasa na mimi najua, ila hatusemi. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Hakuna mtoto mwingine Bungulu aliyekuwa na baba wa hivyo.

Mama alikuwa ameniwekea masharti mawili. La kwanza alilisema akinishika sikio, si kwa nguvu.

"Masika, hii kucheka ni ya hapa ndani ya lupango. Huko inje, Papa yako ni chef."

La pili alilirudia kila alipoenda sokoni na kunivalisha ile filimbi. "Ukipiga ya kwanza, upige na ya pili. Usimuachake pale amesimama. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Unasikia na masikio ao unasikia na mudomo?"

Kulikuwa na jambo jingine lihusulo midomo, nami nililificha. Nilijua kupiga mluzi. Vidole viwili chini ya ulimi, mluzi unaofika hadi barabara kuu. Nilijifunza nyuma ya jiko, kwenye migomba, kwa kuwaiga wavulana wa jirani. Kwetu binti hapigi mluzi. Nyanya yangu mzaa mama aliniambia kwamba binti wa mluzi huita nyoka nyumbani na hakuna ukoo utakaomtaka. Mama mwenyewe alilelewa vizuri mno kujaribu; ndiyo maana alilazimika kutafuta filimbi ya bati. Nilipiga mluzi wangu wakati Mama akiwa mbali, au nilivyodhani yu mbali.

Siku yenyewe ilianza na jua. Mama alienda soko, mimi nikabaki na Papa na filimbi. Rafiki yangu Kahindo alikuja na wenzake wanne au watano, wakachungulia michongoma.

"Tunasikia Papa yako anajuaka kusimama sawa mulingoti," Kahindo alisema.

"Hata mukimufinya hatikisike," nikajibu.

"Bongo!" Yaani uongo.

Ningeweza kuwaingiza ndani. Lakini lupango letu lilikuwa dogo, na mimi nilitaka mahali pakubwa. Nikamshika Papa mkono nikamwambia tunaenda bureau. Alifurahi sana. Aliuliza kama nimebeba daftari. Nikasema nimebeba. Tukatoka hadi katikati ya barabara, mbele ya kibanda cha mshona viatu, nikapiga ya kwanza.

Walicheka kama nilivyotaka wacheke. Kahindo alizunguka mara tatu akimwangalia usoni. Mmoja alimwekea kokwa la avokado juu ya kiatu. Mwingine akachuma jani la mpapai lenye kikonyo kirefu akamvika kichwani. Mimi, najilaumu nikiandika hili, nilirekebisha lile jani ili lisianguke. Nilimwangalia jicho la kushoto, nikingoja anikonyeze. Halikufumba. Nikadhani anajikaza ili asiharibu mchezo, nikamwona hodari zaidi.

Milio ya risasi ilitoka upande wa Mulekera. Siyo mingi, mitatu au minne, kisha lori likasikika. Ninyi wa umri wangu mnajua miguu yetu ilivyokuwa wakati ule: ilikimbia kabla kichwa hakijauliza. Wote tulitawanyika. Mlango wa kibanda ukafungwa kwa kishindo. Nilikimbia na filimbi ikinidunda kifuani, nikaingia nyumbani, nikasukuma komeo, nikakaa sakafuni chini ya dirisha. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba sikupiga ya pili.

Naomba mnielewe, ingawa mimi mwenyewe nimeshindwa kujielewa. Sikutoka. Nilijiambia kwamba Papa anacheza, na mtu anayecheza akisikia risasi ataacha mchezo. Nilijiambia kwamba sasa hivi atagonga mlango. Mvua ikaanza, ile mvua ya Beni inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia unachowaza, nami nikashukuru kwamba sisikii. Kadiri alivyokawia ndivyo nilivyoanza kujua. Na nilipoanza kujua, sikwenda barabarani. Nilienda chooni, nikavua filimbi, nikaitumbukiza shimoni.

Mama alifika amelowa, hana beseni wala kitambaa cha kichwa.

"Papa yako iko wapi?"

"Sijui. Nilikuwa ndani. Alitoka yee mwenyewe."

"Na sifflet?"

"Papa njo alibeba."

Ndivyo nilivyosema. Nilimsingizia mtu asiyeweza kukumbuka kujitetea. Mama alinishika mkono tukatoka.

Papa alikuwa palepale. Jani la mpapai lilikuwa limelainika kwa mvua na kumlalia sikioni. Kokwa bado lilikuwa juu ya kiatu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na mwili mzima ulitetemeka, ila mikono ilikuwa pembeni na kidevu juu. Suruali yake ilikuwa imelowa hata pale ambapo koti lilikinga mvua. Hatua ishirini mbele yake lori lilikuwa limesimama, na wanajeshi watatu walikuwa wameshuka. Mmoja, kijana mdogo, alikuwa amemwelekezea bunduki.

"Mzee! Unatoka kikosi gani? Mikono juu!"

"Telema!" Papa akamjibu kwa Kilingala, kwa sauti ya bureau. Simama! "Drapeau ezomata." Bendera inapanda.

Mama aliniachia mkono akaenda kusimama kati ya bunduki na Papa. Na alicheka. Nilimsikia akicheka kicheko kilekile cha nyuma ya jiko, mvua ikimtiririka usoni.

"Bachef, musipige! Huyu ni bwana yangu. Akili yake ilibakia ku bureau. Anangojea drapeau ipande."

Wanajeshi wakatazamana. "Drapeau gani?" aliuliza mmoja. "Hata sisi hatuijue!" Wakacheka, na nyuma ya nyua watu waliokuwa wakichungulia wakacheka pia, na yule kijana akashusha bunduki. Siku hiyo niliona kicheko cha Mama kilikuwa cha nini. Mimi nilikuwa nimekitoa nje kama mchezo, naye alikitoa nje ili mumewe asiuawe.

Lakini Papa hakuondoka. Mama alimpapasa mifuko yote akitafuta filimbi. "Uliiangushia wapi, Papa Masika? Niambie tu, hapana shida." Alimvuta mkono, akamsukuma mgongo, Papa akamkemea kwa upole kwamba hii si heshima. Kisha Mama, mbele ya watu wote, akakunja midomo na kujaribu kupiga mluzi. Hewa tupu ikatoka. Akajaribu tena, mashavu yamejaa, hewa tupu. Watu walicheka mno. Mama naye akacheka, ila safari hii niliona mdomo wake ukitetemeka.

Basi akaacha. Akasimama kando ya Papa, akanyoosha mikono pembeni, akainua kidevu. Akageuza shingo akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananiita nije nisimame nao, nikaenda, nikasimama upande wa pili, na tukawa watatu kwenye mvua tukingoja bendera isiyokuwepo.

Vidole vyangu viwili vilikuwepo. Ulimi ulikuwepo. Ilitosha kuviinua hadi mdomoni, na Papa angeshusha mabega na kwenda nyumbani kukauka. Lakini Mama angejua kwamba napiga mluzi kama mvulana. Majirani wangejua. Na angeuliza kwa nini sikupiga tangu mwanzo, na swali hilo lingefika hadi chooni. Nikapima haya yote, nikiwa na miaka kumi, nikimsikia baba yangu akigonganisha meno. Nikachagua kuwa binti mwenye adabu.

Aliyempa Papa filimbi ya pili alikuwa mwanajeshi mzee kidogo, aliyekuwa amebaki ndani ya lori. Alishuka polepole, akaja mpaka mbele ya Papa, akampigia saluti. "Vieux, drapeau esi emati. Zonga na ndako." Mzee, bendera imeshapanda, rudi nyumbani. Kisha akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi mmoja mrefu. Papa akashusha mabega.

"Merci, mon fils," alimwambia. "Rompez."

Homa ilianza jioni ileile ikashuka kifuani. Alilala wiki nyingi, akaamka kidogo, akalala tena, na kabla maharage ya msimu uliofuata hayajakomaa alikuwa amekwisha. Siwezi kusema ni mvua ile iliyomuua. Alikuwa mzee na dawa hazikuwepo. Lakini sijawahi kuweza kusema siyo. Mama hakununua filimbi nyingine. Wiki zote za ugonjwa alimwosha kitandani kimya kimya, na mimi, niliyekuwa nimezoea kukaa kwenye kigoda na muhogo wangu, nilitafuta kazi za kufanya nje. Hakunilaumu hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu hajui.

Sasa Mama yuko kwangu, Butembo, upande wa Rughenda, ambako ndege zikiruka mabati yanatetemeka. Majina yanamponyoka naye. Ndege ikipita anatoka nje na kuipungia kitambaa, "Musalimie bale ba kule!" Juzi nilikuta viatu vyake vya misa ndani ya sufuria, ameviongezea kitunguu, ananiambia nyama ya siku hizi ni ngumu. Tunacheka, mimi na yeye na binti yangu. Nimemwekea binti yangu lile sharti la kwanza: ndani ya lupango tu.

Na kila siku Mama huuliza, "Papa yako iko wapi?" Mwanzoni nilimjibu kwamba alikufa, naye akalia kilio cha mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, mpaka nikaacha. Nikawa nasema, "Iko ku bureau." Anaridhika. Anasema atachelewa, yule mtu anapenda kazi kupita watu.

Wiki iliyopita tulikuwa barazani tukimenya maharage mabichi, filimbi ya komini ikalia. Nilisimama. Mama alibaki ameketi, akaendelea kumenya.

"Papa yako iko wapi?"

Sijui kwa nini siku hiyo. Labda kwa kuwa nilijua saa moja baadaye atakuwa amesahau. "Nilimuacha mu barabara, Mama," nikasema. "Nilipiga ya kwanza, nikakimbia. Sifflet niliitupa mu choo. Nikakudanganya."

Alitupa maganda kando. Filimbi ya pili ya komini ilikuwa imeshalia, sikuisikia.

"Sasa utamuacha pale mpaka saa ngapi?" akauliza, kama unavyomuuliza mtoto aliyesahau ndoo bombani. "Mupigie ya pili."

"Sifflet hakuna, Mama."

"Sifflet ya nini? Si unajuaka kupiga na mudomo? Nilikuwa nakusikia kila siku kule nyuma ya cuisine." Akachukua ganda jingine, akalipasua kwa ukucha. "Ile siku ya mvua nilikuangalia. Nikasema, mutoto atapiga sasa. Nikangoja. Nikangoja."

Alikuwa haniangalii. Sina hakika kama alijua anazungumza na nani. Nikaweka sahani chini, nikafuta vidole viwili kwenye kitenge, nikavitia chini ya ulimi. Nilikuwa sijafanya hivyo tangu Beni. Ulitoka umekwaruza mwanzoni, kisha ukanyooka, mrefu, mpaka binti yangu akatoka mbio ndani kuona ni nani mwanamke anayepiga mluzi kwenye baraza letu.

Mama alisikiliza hadi ukaisha.

"Basi," akasema. "Uende umupakulie. Anarudi na baridi."